Neno "Upya" Katika Kifungu cha Tisa

Zamani sheria ya nchi ilisomwa kwa sauti na watu wawili, neno kwa neno na mkato kwa mkato, kabla ya kupigwa chapa; siku hizi inapitishwa kwenye mashine isiyo na mdomo, na aliyekaa mbele yake ana vidude masikioni anasikiliza muziki.

Nalisema hili kwa sababu mmoja wa wale wawili nilikuwa mimi. Miaka ishirini na miwili nilikaa katika chumba cha prufu cha kiwanda cha chapa cha serikali, chumba chenye dirisha moja na harufu ya wino, nikipokezana kusoma na mama mmoja mwenye penseli nyekundu. Mmoja anasoma nakala ya mwandishi, mwenzake anafuata kwenye prufu, ile karatasi ya majaribio kabla ya chapa. "Mtu yeyote mkato ambaye atakiuka kifungu hiki mkato atakuwa ametenda kosa nukta." Kutwa nzima hivyo hivyo, mpaka watu wa mashine wakaniita Mkato, na yeye wakamwita Nukta. Asiposikia neno husema "Rudia," nami hurudia bila kununa. Hiyo ndiyo iliyokuwa amri ya kwanza ya chumba kile: usiitikie neno ambalo hukulisikia.

Shule niliishia darasa la nne. Kiwandani niliingia kufagia herufi za madini ya risasi zilizoanguka chini ya meza, na kusoma kwa kweli nilijifunza kwenye sheria na kwenye kamusi moja isiyo na jalada. Ndiyo maana mke wa mpwa wangu alizoea kusema kwamba mimi hata chumvi naiomba kwa vifungu.

Lakini sikukaa kujieleza mimi. Nataka kumweleza huyo mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Kimya.

Mwenyewe hakuwa kimya hata chembe. Akifungua boneti anaimba, akiifunga anabishana. Kimya kilikuwa cha magari yake. Alichukua gari kuukuu la petroli ambalo mwenyewe amekwisha kulikatia tamaa, akang'oa injini, tenki na bomba la moshi, akafunga mota ya umeme kwenye gia boksi kwa bamba la chuma alilolichonga kwa mkono wake, akapanga betri pale lilipokuwa tenki, akavuta nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya sakafu. Baada ya wiki tatu gari linatoka uani kwangu bila mlio wowote. Mimi sikuyapenda. Gari lisilo na mlio linakukuta barabarani na mawazo yako. Mara mbili alinigusa kisigino akirudi nyuma, na mara zote mbili alicheka.

"Mjomba, si nilipiga honi?"

"Ulipiga ukiwa umeshafika!"

Mke wake alishona viti vya magari hayo hayo. Alikuwa na cherehani nzito ya kushonea ngozi, imewekwa barazani kwangu karibu na mlango wa jikoni, na mtaa ulimwita Mama Viti ingawa mtoto walikuwa bado hawajampata. Aliongea kidogo, kwa kuwa saa nyingi alikuwa na pini mdomoni. Akizitoa pini, ujue ana neno.

Karakana yao ilikuwa ua wangu. Niliwapa mwaka ule nilipobaki peke yangu, nikasema ni kwa muda, na ule muda ukawa miaka saba. Sasa kazi ikaanza kukauka. Magari mapya ya umeme yalikuwa yameanza kuingia nchini, na kila mtu akawa anangoja. Mwishowe kilibaki kitu kimoja cha kutegemea. Mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya shule, mtu wa tumbo na miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alikuja akakizunguka kipikapu cha Fundi Kimya, akakipiga teke tairi, akasema:

"Fundi, kuna muswada unakuja bungeni. Mwenye gari la umeme atapunguziwa kodi yake ya mwaka. Na sisi tukiwamo, sisi wa magari ya kubadilisha, nakuletea magari kumi na nane. Tusipokuwamo, tutaonana kwenye harusi."

Upande wa pili kulikuwa na barua ya mgodi. Mgodi uko mbali, safari ya siku mbili, na ulitaka fundi wa umeme wa magari na mshonaji, nyumba ipo, jibu lipatikane kabla bunge halijaenda mapumziko. Mama Viti aliibandika barua ile ukutani juu ya cherehani kwa pini. Kila nilipopita kwenda jikoni niliiona. Basi mambo yalikuwa hayo: wakiwamo kwenye sheria wanabaki, wasipokuwamo wanakwenda, na mimi nabaki na ua wenye madoa ya oili.

Muswada ulisomwa mara ya kwanza siku ya Jumanne. Kusomwa mara ya kwanza maana yake ni kutajwa jina tu. Katibu anasimama, anataja, anakaa. Mpwa wangu hakujua. Alikuwa amezima kila kitu uani, amekaa juu ya betri na redio magotini.

"Imekwisha?" akaniuliza. "Mjomba, hata pumzi sijashusha!"

"Ndiyo kwanza muswada umebisha hodi," nikamwambia.

Kesho yake nilikwenda duka la vitabu vya serikali nikanunua nakala. Karatasi nyepesi, unaiona herufi ya upande wa pili. Nikawasomea uani, mikato na yote, hadi kifungu cha tisa: *Nafuu ya kodi itatolewa kwa mmiliki wa gari lililoundwa ili kuendeshwa kwa umeme.* Nikavua miwani.

"Sasa?" akasema mpwa wangu.

"Lililoundwa ili kuendeshwa kwa umeme. La kwako liliundwa ili kuendeshwa kwa petroli. Wewe ndiye uliyelitia umeme baadaye. Humo ninyi hamumo."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kuanzia siku ile akawa haimbi. Hata chai akawa anainywa amesimama.

Muswada ukishatajwa huenda kwenye kamati, na kamati hupokea maoni ya wananchi. Tukakaa kuandika. Hapo ndipo tulipogombana, na naeleza ugomvi ule kama ulivyokuwa, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo.

Mpwa wangu alitaka tuandike "gari la kubadilisha," kama wanavyosema mafundi. Mimi nikakataa. Kubadilisha ni kutoa hiki kuchukua kile. Mtu atasoma adhani ni biashara ya kubadilishana magari. Nikawapa maneno yaliyonyooka: *gari lililoundwa au lililoundwa upya ili kuendeshwa kwa umeme.* Nikayasoma mara mbili. Yana mizani. Nukta angeyapenda.

Mama Viti akazitoa pini mdomoni.

"Mjomba, hayo maneno mbona kama yamejirudia?"

"Yamejirudia kwa makusudi, mkwe wangu. Ndiyo uzito wake."

"Mimi ningeandika tu: au gari la zamani lililobadilishwa kutumia umeme. Hata mlinzi wa getini akisoma anaelewa."

"Sheria haiandikiwi mlinzi wa getini."

"Kumbe inaandikiwa nani?" akasema, akarudisha pini zake.

Mpwa wangu alinitazama mimi, akamtazama mkewe, akasema, "Mjomba ndiye aliyekaa na sheria." Tukaandika yangu.

Karani wa kamati, binti mwenye kucha ndefu na adabu ya haraka haraka, alizipokea karatasi zetu akazigonga mhuri. Nikamwuliza, "Mwanangu, nakala safi mnasoma wangapi?"

"Kusoma vipi, mzee?"

"Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata."

Akatabasamu. "Mzee wangu, kompyuta inasoma yenyewe. Ikiona kosa inapiga mstari mwekundu."

Nilitaka kumwambia kwamba mstari mwekundu unajua herufi, haujui kilichoachwa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Nikatoka.

Siku ya kufika mbele ya kamati mpwa wangu alivaa koti la harusi yake, na mikono aliisugua kwa sabuni ya unga na bado kucha zilikuwa nyeusi, akawa anaificha chini ya meza. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine, na kila mtu mbele yake kipaza sauti chenye taa. Wauzaji wa magari mapya walizungumza kwanza, vijana wa suti na picha ukutani. Halafu akaitwa yeye. Aliwasha kipaza sauti, kikapiga kelele, akaomba radhi kwa kipaza sauti chenyewe.

Mheshimiwa mmoja akamwuliza, "Hilo gari lako, likinyeshewa mvua halimpigi mtu shoti?"

"Mheshimiwa, nyumbani kwako una friji?"

"Ninayo."

"Mama anapopiga deki jikoni, inampiga shoti?"

Wakacheka, na mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akacheka kuliko wote. Mpwa wangu akapata mdomo. Akawaambia magari ya nchi hii mengi ni ya wasio na uwezo wa kununua jipya, na kama nafuu ni ya jipya peke yake, basi ni nafuu ya aliyekwisha kupata nafuu. Nilimtazama nikamwona dada yangu, alivyokuwa akiinua kidevu akisema kweli.

Baada ya siku kumi kamati ilikubali. Tulipewa ukurasa mmoja wa jedwali la marekebisho, wenye saini ya mwenyekiti kwa wino wa buluu: *Kifungu cha 9, baada ya neno "lililoundwa", ongeza maneno "au lililoundwa upya".* Mpwa wangu aliubusu ule ukurasa. Mwenyekiti wa magari ya shule akapigiwa simu, akasema apelekewe habari sheria ikishapita, siyo kabla. Mama Viti hata hivyo alikwenda kununua turubai la plastiki la buluu la viti vya magari kumi na nane, mzigo mzima, akaulaza barazani. Akaupima kwa futi ya kitambaa. "Tusipokuwamo nitawashonea wachimba madini mashuka ya plastiki," akasema, na hakuna aliyecheka sana.

Kusomwa mara ya pili kulichukua siku mbili za mjadala, tukasikiliza redioni. Walizungumza juu ya moshi, na umeme unaokatika, na mmoja alizungumza saa nzima juu ya barabara ya jimboni kwake. Kifungu cha tisa hakikutajwa. Mpwa wangu alipunguza kula. Kila gari likipiga honi nje anaruka, akidhani ni habari.

Halafu ikatoka nakala mpya ya muswada, yenye marekebisho ndani yake, ya kupelekwa Jumatatu kwenye kamati ya bunge zima, pale wabunge wote wanapopitia kifungu kimoja kimoja. Ilikuwa Alhamisi. Niliinunua asubuhi, nikaja nayo uani, nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti kama ada yangu. Kifungu cha tisa: *gari lililoundwa upya ili kuendeshwa kwa umeme.*

Nikasoma tena. Nikaipeleka karatasi kwenye mwanga.

Najua kilichotokea, kama daktari anavyojua kikohozi. Neno "lililoundwa" lipo mara mbili. Anayenakili anamaliza la kwanza, anageuka kwenye mashine, jicho linarudi kwenye karatasi linakaa juu ya la pili, anaendelea mbele. Katikati pamekwenda na maji. Kosa hili chumbani kwetu tulikuwa na jina lake. Tuliliita kuruka mtaro. Kila wiki tulilikuta, na kila wiki tulilikamata, kwa kuwa sikio haliruki kama jicho. Na mashine haikupiga mstari mwekundu, kwa sababu kila neno lililobaki lilikuwa sahihi.

"Wamekosea," nikasema. "Wamelitupa gari jipya nje. Sasa nafuu ni ya gari lililoundwa upya tu."

Mpwa wangu alisogea taratibu. "Yaani langu?"

"Lako peke yake."

Aliketi chini, kwenye mchanga, koti la kazi na yote, akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba! Wale wa suti! Na zile picha zao ukutani!"

Penseli yangu ilikuwa imekwisha kuchora kialama pembezoni, pale maneno yalipoanguka. Mkono ulikwenda wenyewe, mazoea. Nikasema, "Inabidi nimpelekee karani ile karatasi yenye saini."

"Kwa nini?" Akaacha kucheka. "Kwa nini, Mjomba? Ukiwaamsha wakafungua kifungu, nani anajua watafunga vipi? Waache wauza magari wajitetee wenyewe. Nyamaza kidogo. Siku nne tu."

Mama Viti alikuwa ameacha kushona. Pini zilikuwa mkononi.

"Pelekeni karatasi," akasema. "Kitu tumekipata kwa kosa la mtu. Huyo mtu akigundua, atakuja kukichukua, na hatatuuliza. Sisi tunayo saini. Pelekeni leo."

"Mke wangu, wewe hujui mambo ya bunge."

"Sijui. Lakini viti najua. Ukishona mshono umekosea, unaufumua wewe mwenyewe kabla mwenye gari hajauona."

Wote wawili wakanitazama. Ningeweza kusema ninayoyasema leo. Badala yake nilitazama ile barua ya mgodi ukutani, nikatazama ua, mota zilizofunikwa magunia, mpwa wangu amekaa mchangani na uso ambao sikuuona kwa miezi miwili. Nikaingiwa na woga, basi. Nikasema, "Tungoje kidogo." Nikatoa kifutio mfukoni nikakifuta kile kialama. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kufuta alama ya kosa lililo kosa kweli.

Siku nne zile sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Ijumaa nilitoka hadi kituo cha basi na ile karatasi yenye saini ndani ya shati, nikarudi. Nikajiambia wataiona wenyewe. Halafu nikajiambia wasiione. Jumapili nilikuta mpwa wangu amepanga namba kwa chaki ukutani, moja mpaka kumi na nane, nafasi ya kila gari. Mama Viti alikuwa hasemi nami zaidi ya "shikamoo" na "chakula tayari."

Jumatatu tulikwenda bungeni, mimi na mpwa wangu, tukakaa jukwaa la wageni. Ilikuwa karibu na saa ya chakula cha mchana, viti vingi vitupu. Mwenyekiti wetu wa kamati, yule wa sauti ya kukwaruza, hakuwapo, alikuwa safarini. Mwenyekiti wa kikao akaanza kuita vifungu. "Kifungu cha kwanza." "Ndiyooo." "Cha pili." "Ndiyooo." Nilikuwa nimeshika bomba la mbele yangu. "Kifungu cha tisa."

Waziri akasimama. Hakuwa na haraka wala ubaya wowote usoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kifungu cha tisa kuna neno 'upya' limeingia hapo kwa makosa ya uchapaji. Naomba liondolewe."

Makosa ya uchapaji! Lile neno ndilo pekee lililokuwa mahali pake.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo."

"Wasioafiki?"

Mpwa wangu alifungua mdomo. Jukwaani mgeni haruhusiwi hata kupiga chafya. Nikamshika mkono, ukawa wa baridi kama spana.

"Walioafiki wameshinda. Kifungu cha kumi."

Haikuchukua dakika moja. Tulishuka ngazi mbio, mimi na magoti yangu, tukampata karani mezani pake. Nikamwekea ile karatasi yenye saini mbele yake, nikauweka na muswada pembeni, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma mara moja, akasoma mara ya pili midomo ikichezacheza, na nikaona amefahamu.

"Ni mimi niliyenakili," akasema polepole. Halafu akainua macho. "Mzee, hili mmeliona lini?"

Nilitazama saa ya ukutani.

"Leo," nikasema.

Mpwa wangu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Laiti mngeliona Ijumaa, au mkaja hata leo kabla ya kikao," akasema yule binti, na sauti yake ilikuwa karibu na kulia. "Ningelirudisha lote, ni kazi ya karatasi moja. Sasa ni uamuzi wa bunge zima. Leteni maoni mwakani."

Mchana ule ule muswada ulisomwa mara ya tatu. Wiki mbili baadaye ukatiwa saini, ukatoka kwenye gazeti la serikali, kifungu cha tisa kimesimama vizuri na mikato yake yote. Mwenyekiti wa magari ya shule hakuja tena, alituma salamu. Mpwa wangu aliyafuta yale maandishi ya chaki kwa kiganja, na namba kumi na mbili haikutoka vizuri, ipo mpaka leo.

Hatukulaumiana. Ningependa tungelaumiana. Siku moja tu, tukikunja nyaya za rangi ya chungwa, alisema, "Mjomba, ni mimi niliyekwambia unyamaze."

"Na mimi ndiye niliyenyamaza," nikamjibu, tukaendelea kukunja.

Mama Viti alitoa barua ukutani, akaandika jibu, kwa maneno yake mwenyewe, mistari mitatu. Alinipa niipitie. Sikukuta cha kusahihisha.

Mara ya mwisho niliwaona asubuhi ya Jumamosi. Mota na betri zilikuwa zimetangulia kwa lori. Wao walikuwa wanakwenda na kipikapu chao, cherehani imefungwa kamba nyuma, imefunikwa kipande cha lile turubai la buluu. Barazani nilikuta kiti changu cha chumba cha prufu, ambacho nilikinunua siku kiwanda kilipouza vitu vyake, na ambacho kilikuwa kimepasuka kalio miaka mingi. Alikuwa amekishona kwa turubai lile lile, mshono umenyooka kama mstari wa rula. Hakuniambia.

Nilisimama barabarani kumwelekeza mpwa wangu. "Rudi, rudi, kata kulia, simama." Kipikapu kilitoka getini bila mlio, na safari hii alipiga honi mapema, mara mbili. Lori la mchanga lilikuwa limesimama ng'ambo, injini inanguruma, moshi umetanda. Mama Viti alishusha kioo akatoa kichwa, akaniambia neno. Niliona midomo, neno lilikuwa refu, na alikuwa hana pini. Kelele za lori zikalifunika.

Ilinipasa kusema "Rudia."

Nikaitikia kwa kichwa. Naye akaitikia, akapandisha kioo, na gari likakata kona ya duka la rangi.